Anaona vingi kuliko sisi: maswali yenu kuhusu wasimulizi wenye usonji

Mwezi uliopita niligusia hapa kidogo tu habari ya riwaya ambazo anayesimulia ni kijana mwenye usonji, ile hali ambayo Kiingereza wanaiita autism, nikadhani nimemaliza, kumbe ndo kwanza mlikuwa mnaanza. Maswali yamekuja mengi, mengine marefu kuliko hata safu yenyewe, na kuna mama mmoja kaniandikia usiku wa manane halafu akaandika tena asubuhi. Nimechagua matano. Na niseme mapema ili mjue niko upande gani: mtoto wa dada yangu ana usonji, nakaa naye tangu ana miaka 7 na sasa ana 16, kwa hiyo vitabu hivi sivisomi kama mtu baki.

Dada, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimesoma ile riwaya ya Mark Haddon, The Curious Incident of the Dog in the Night-Time, nimeipenda mpaka nikairudia. Sasa rafiki yangu mwenye mtoto mwenye usonji hataki hata kuisikia, anasema imewaharibia, kila mtu anadhani mwanae ni bingwa wa hesabu asiyejali mtu. Nani yuko sahihi kati yetu? – Mwalimu

Mwalimu, mko sahihi wote wawili, na sisemi hivyo ili nikwepe.

Kwa ambao hawajaisoma: ilitoka 2003 Uingereza. Anayesimulia ni Christopher Boone, miaka 15, anakaa na baba yake Swindon. Usiku anamkuta mbwa wa jirani, Wellington, amekufa, amechomwa na uma mkubwa wa bustani, basi anaamua kumtafuta muuaji na kuandika kila kitu. Sura zake haziendi moja mbili tatu nne, zinafuata namba tasa, 2, 3, 5, 7, 11, kwa sababu ndo anazozipenda. Asubuhi akiona magari mekundu matano yamefuatana anajua siku itakuwa nzuri sana, akiona ya njano manne siku imeharibika, haongei na mtu na chakula cha mchana hali.

Ulichokipenda nadhani nakijua. Kuna mahali anaeleza kwa nini sehemu ngeni zinamchosha. Anasema watu wengi wakisimama shambani wanaona majani, wanaona ng'ombe, basi, akili imeshahamia kwenye mambo mengine. Yeye anaona ng'ombe 19, 15 weusi na weupe, 4 wa kahawia na weupe, na anaendelea hivyo hivyo mpaka ukingo wa shamba, halafu anakueleza kwamba hawezi kuchagua kutoona. Baadaye anasafiri peke yake kwenda London, anafika stesheni, na yale mabango yote ya matangazo na mishale na majina ya maduka yanamwingia kwa mpigo mpaka maneno yanachanganyikana kwenye ukurasa. Unasoma unachoka naye. Hujaambiwa "alichanganyikiwa", umechanganyikiwa wewe. Hapo Haddon kapatia kabisa na mimi simnyimi haki yake.

Lakini sikiliza na rafiki yako. Raha nyingine ya kile kitabu, na hii tunaipata bila kujijua, ni kwamba sisi tunajua kabla ya Christopher. Majirani wanaongea nusu nusu, baba anakasirika kupita kiasi, barua zinapatikana zilikofichwa, na msomaji ameshaunganisha mambo wakati kijana bado anaandika tu alichokiona. Ni mbinu ya siku nyingi, msimulizi asiyeelewa anachokisimulia, na inafanya kazi vizuri. Ila ikitumika kila mara kwa mtoto mwenye usonji inaanza kufundisha kitu, kwamba huyu ni mtu ambaye sisi tunamwelewa na yeye hawezi kutuelewa sisi, kwamba sisi tuko juu ya ukuta tunachungulia na yeye yuko chini anazunguka. Nusu ya pili haiandikwi, ile ambayo yeye anajua kitu na sisi wote tumekikosa.

Na hesabu. Christopher anafanya mtihani mkubwa wa hesabu anapata A. Wapo watoto wenye usonji wa namna hiyo, ila wengi sio, na mama ambaye mwanae hajui hata kujumlisha anaulizwa na kila mgeni "kipaji chake ni nini?" Fikiria unaulizwa hivyo miaka kumi.

Kitu kimoja wengi hawakijui: ndani ya hadithi yenyewe neno usonji halimo. Haddon hakumpa Christopher jina la hali yoyote, ni kwenye kava ndo liliwekwa jina la Asperger, ambayo ni aina mojawapo ya usonji. Mwaka 2009 mwenyewe aliandika waziwazi kwamba sio mtaalamu wa mambo hayo na kwamba hakuandika kitabu cha kueleza hali hiyo. Sawa, lakini kava ilishasema, na watu walishasoma, na kwa wengi kile ndo kitabu pekee walichowahi kusoma chenye mtu wa namna hiyo. Rafiki yako nadhani hana ugomvi na Christopher. Ana ugomvi na kitabu kimoja kukalia kiti cha watu wote, mwanae akiwa mmojawapo.

Shikamoo dada. Naandika riwaya yangu ya kwanza, msimulizi ni msichana wa miaka 13 mwenye usonji. Nimeweka sentensi fupi fupi, hatumii mafumbo, hacheki, kila anachoambiwa anakichukua kama kilivyo. Rafiki yangu kaisoma kaniambia huyu msichana wako ni roboti. Nimekwama, sijui nirekebishe wapi. – Mwandishi mchanga

Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako kakusaidia sana, usimkasirikie.

Soma tena ulivyoniandikia. Hatumii, hacheki, hana. Umemjenga kwa kupunguza. Umemchukua msichana wa kawaida ukaanza kumvua, mafumbo toa, kicheko toa, sentensi ndefu toa, ukabaki na kiunzi, na kiunzi ndo anachokiita rafiki yako roboti. Mimi naomba uanze upande wa pili, uanze na kinachozidi.

Nikupe mfano wa nyumbani. Siku moja tumekaa na mtoto wangu huyu wa dada kwenye ofisi fulani tunasubiri kuitwa, alikuwa na miaka 9. Karani akamuuliza jina lake. Kimya. Akauliza tena, kimya, mara ya tatu akaniangalia mimi kwa ile sura ambayo walezi wanaijua, akaandika kitu kwenye fomu. Tulivyotoka nikamuuliza mbona hukujibu, akaniambia "taa inalia iii halafu inakohoa". Tukarudi mlangoni tukasimama, nikanyamaza nikasikiliza, na kweli, ile taa ya mrija juu ya vile viti ilikuwa inalia iii sauti nyembamba sana halafu inakata kidogo, kama mtu anayesafisha koo, halafu inaanza upya. Nusu saa nimekaa chini yake sijaisikia. Yeye nusu saa alikuwa ndani yake.

Sasa ungekuwa unaandika tukio hilo, wengi wangeanza na karani na swali lake, halafu mtoto hajibu, halafu aibu ya mlezi. Kwa msimulizi wako karani anakuja mwishoni, kama anakuja kabisa. Kwanza taa. Msimamo wa msimulizi uko kwenye mpangilio huo, nini kimefika kwanza, nini kimechukua nafasi yote, na nini kimefika kimechelewa kimekatika katikati. Ukipata mpangilio huna haja ya kumtangazia msomaji kwamba mtoto ana usonji.

Nimejaribu kukuandikia uone. Yako, ile uliyoniambatanishia, inasema hivi: "Niliingia darasani. Kulikuwa na kelele. Sipendi kelele. Nilikaa. Mwalimu alisema jambo. Sikuelewa." Ya kwangu: "Feni ya darasani ina mapanga matatu na moja limepinda, kwa hiyo kila ikizunguka inasema tak, na mwalimu anaongea katikati ya tak na tak, neno likiangukia kwenye tak silipati, nimepata 'mwaka' na 'mfalme' na 'kwa nini', halafu darasa zima likageuka kuniangalia na mimi nikajua jina langu lilikuwa ndani ya tak."

Sijasema hiyo ni nzuri kushinda zote, ila angalia, sentensi ni ndefu. Sijui nani alituambia kwamba mtu mwenye usonji anafikiri kwa sentensi fupi. Ukiwa huwezi kuacha kitu nje sentensi yako inarefuka, kila kitu kinataka kuingia, na ndo maana wengine wakianza kueleza jambo wanalolipenda hawaishii njiani. Fupi zitumie pale mwili umezidiwa, pale maneno yenyewe yanagoma kutoka. Hapo neno moja linatosha, au nafasi tupu.

Na hisia za mwili zisikae pembeni kama pambo. Mwongozo wa utambuzi ambao madaktari wa Marekani wanautumia, toleo la 2013, uliweka rasmi habari ya sauti, mwanga, mguso na harufu kuwa miongoni mwa dalili za usonji, wakati watu wenye usonji wenyewe walikuwa wanalisema hilo kwenye maandishi yao miaka mingi kabla. Lebo ya shati shingoni inaweza kuwa tukio kubwa kuliko ugomvi wa wazazi. Na sio mateso tu, tafadhali, hili waandishi wanalisahau mno. Kuna raha ambazo mimi na wewe hatuzijui. Huyu wangu anaweza kutazama maji yanavyozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki mpaka yaishe, na uso wake wakati huo natamani ungeuona. Mpe msichana wako furaha ya namna hiyo, kubwa, ya kwake mwenyewe.

Mafumbo sasa. Hapa Kiswahili kinatupa vingi na kinatutega pia. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga kura, na hakuna hata kimoja kinachopigwa. Mwandishi anaona utajiri huo anakimbilia kuandika mtoto anayeuliza "simu imekosa nini mpaka ipigwe". Kwa mtoto wa miaka 3 sawa, mtoto yeyote. Msichana wa miaka 13 amesikia "piga simu" mara elfu, anaijua kama anavyojua jina lake, na ukimfanya ajikwae hapo unamchekesha msomaji kwa gharama yake. Kinachomkwaza ni kile ambacho hakijasemwa. Mgeni anasema "humu ndani kuna baridi", kila mtu anajua ameomba dirisha lifungwe, yeye anakubali kwamba ndiyo, kuna baridi, na anaendelea na lake. Au shoga yake anasema "fanya unavyotaka" na maana yake ni usifanye. Hapo kuna riwaya nzima.

Tena wengine wanapenda misemo kuliko sisi. Wangu ana daftari. Siku aliyosikia "mkono wa birika" alichukua birika jikoni akaliweka mezani akalichora, akazungusha kidole kwenye ule mkono jinsi ulivyojikunja kurudi kwenye birika lenyewe, akasema "kweli, haunyooki kwenda kwa mtu". Nimeutumia msemo ule maisha yangu yote kumsema bahili na sikuwahi hata siku moja kuliangalia birika.

Kucheka anacheka, mwache acheke. Utani wake unaweza kuchelewa au kuwahi, ila upo.

Huzuni ndo ngumu, na nadhani ndo iliyomfanya rafiki yako aseme roboti, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Watu wengi wenye usonji wanasikia hisia nzito sana ila jina lake haliji, au linakuja baada ya siku tatu. Mama yetu alipofariki kijana wangu hakulia. Ndugu waliliona hilo wakalisema, mbele yake. Nilichokiona mimi ni miwani. Bibi yake alikuwa kila siku saa 1:00 jioni anafuta miwani yake kwa pindo la nguo na kuiweka upande wa kulia wa redio. Baada ya kufariki, kila saa 1:00 jioni mtoto alikuwa anakwenda anaichukua, anaifuta kioo cha kushoto kwanza kama bibi, anairudisha kulia kwa redio. Mtu mmoja mkubwa akaiweka ndani ya kabati ili "asijisumbue", na usiku ule nyumba nzima haikulala. Mdogo wangu, ukiandika "nilihuzunika sana bibi alipokufa" umeandika sentensi ya mtu mwingine. Andika saa, kitambaa, kioo cha kushoto. Msomaji atajua mwenyewe.

La mwisho kwako ni huko kuwa kwake msichana. Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, Leo Kanner, alipoandika ile ripoti yake maarufu ya 1943 iliyoanza kueleza usonji alikuwa na watoto 11, wavulana 8 wasichana 3, na hadithi nazo zikafuata njia hiyo hiyo, mvulana, mvulana, mvulana. Wasichana wengi wanajificha. Wanasoma jinsi wenzao wanavyocheka wanaiga, wanahesabu sekunde za kumtazama mtu machoni, wanafika nyumbani wanalala na viatu. Kwa hiyo msichana wako anaweza kuonekana kwa nje hana neno kabisa, na msomaji peke yake ndo anaona kazi inayofanyika ndani. Ukiliweza hilo umeandika kitu ambacho hakijaandikwa sana, na ningependa kukisoma.

Kaka yangu mdogo ana usonji, mimi sina. Nina haki ya kuandika kwa nafsi ya kwanza kama yeye? – Msomaji

Haki unayo, ila jiandae, kazi yake sio ndogo.

Mwaka 2015 mwandishi mmoja wa Uholanzi, Corinne Duyvis, ambaye mwenyewe ana usonji, alianzisha ile alama ya mtandaoni #ownvoices ili watu wapate kwa urahisi vitabu ambavyo mwandishi na mhusika wana hali moja. Mwaka uliofuata akatoa On the Edge of Gone, msimulizi ni Denise, msichana mwenye usonji, yuko Amsterdam, kimondo kinakaribia kugonga dunia na anatafuta nafasi kwenye chombo cha kuondokea. Nilichokipenda, usonji wa Denise sio fumbo la kitabu. Fumbo ni atanusurika vipi. Anazidiwa na kelele, anapenda utaratibu, na dunia inaisha, vyote kwa pamoja, na hakuna anayesimama kutueleza yeye ni nani.

Wewe huna hali hiyo kwa hiyo utahitaji wasomaji wenye nayo, sio mmoja, na uwalipe kama unavyomlipa mhariri. Usiwaulize kama imekaa sawa, watakujibu kwa adabu tu. Waulize walichoka ukurasa gani na wapi walikasirika. Na kaka yako, kama anaweza kukuelewa unachotaka kufanya, aulizwe kabla hujaandika, kwa sababu baadhi ya mambo unayotaka kuyatumia ni yake. Jukwaani walichelewa sana kwa hili: mchezo uliotokana na ile riwaya ya Haddon ulianza London 2012, lakini ni mpaka 2017, huko Marekani, ndo Mickey Rowe akawa mmoja wa waigizaji wa kwanza wenye usonji wa wazi kupewa nafasi ya Christopher.

Dada, mimi nauliza moja kwa moja. Kwenye hadithi hizi karibu zote huyu kijana haelewi wenzake wanawaza nini. Ni kweli kisayansi au ni waandishi tu? – Kaka msomaji

Kaka, lina mzizi, na mzizi wake ni wa 1985. Watafiti watatu wa Uingereza, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, walitumia wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu anatoka, Anne anaihamishia kwenye boksi, mtoto anaulizwa Sally akirudi ataitafuta wapi. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walionyesha pale gololi ilipo kweli, sio pale Sally anapodhani ipo. Kuanzia hapo ikaenea kwamba hawa hawawezi kuingia kwenye akili ya mwingine, na ikaingia mpaka kwenye riwaya, Christopher mwenyewe anasimulia alivyopewa jaribio la namna hiyo la kopo la pipi lenye penseli ndani.

Ila watu hawakuishia hapo. 2012 Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, akaligeuza swali: na wasio na usonji, wao wanawaelewa wenye usonji? Akasema kutoelewana huku kuna pande mbili, na upande mmoja tu ndo umekuwa ukipelekwa kwa daktari. Halafu 2020 Catherine Crompton na wenzake wakafanya kitu kama ule mchezo wa watoto wa kunong'onezana, hadithi inatoka kwa mtu wa kwanza mpaka wa nane. Safu ya wenye usonji watupu ilifikisha hadithi vizuri sawa na safu ya wasio nao. Safu iliyochanganya ndo iliyopoteza mengi njiani.

Mimi hilo lilinitoa machozi, kaka, kwa sababu nilishaliona sebuleni. Kijana wangu alikuja na rafiki yake, naye ana usonji, wakakaa wamegeuziana migongo, kila mtu na chake mkononi, hawajaangaliana hata mara moja, wakaongea habari za lifti kwa saa nzima. Mmoja akisita mwenzake anasubiri tu. Mmoja akianza kugonga gonga vidole mwenzake anashusha sauti bila kuambiwa. Kama huko sio kuelewa mwenzio anawaza nini mimi sijui ni nini.

Kwa waandishi hapo kuna mlango haujafunguliwa vya kutosha. Riwaya nyingi zinaweka mtu mmoja mwenye usonji katikati ya watu mia wasio nao, halafu zinamhukumu kwa kutoelewana kunakotokea. Weka wawili kwenye chumba, uone anavyobadilika. Na tusichanganye kujua mtu anawaza nini na kumjali. Yule wa miwani hakujua ndugu walikuwa wanamuwazia nini siku ile. Kujali, mmeona.

Mwanangu ana miaka 11, tumeambiwa mwaka huu kwamba ana usonji. Anapenda kusoma sana. Nimpe hizi riwaya? Naogopa asije akajiona kama mgonjwa, halafu naogopa pia nikimnyima. – Mama

Mama, wewe ndo uliyeniandikia usiku na asubuhi, pole kwa usiku huo.

Ile ya Haddon ningesubiri, ina matusi na ina mambo ya wazazi ambayo ni mazito kwa miaka 11. Kama anasoma Kiingereza anza na A Kind of Spark ya Elle McNicoll, ilitoka 2020. Msimulizi, Addie, ana miaka 11 kama wako, anaishi kijiji cha Scotland na anapigania liwekwe kumbukumbu la wanawake waliouawa zamani pale kwa kuitwa wachawi. Mwandishi mwenyewe ana usonji na inaonekana, kwa sababu Addie hahitaji kurekebishwa ili hadithi iishe. Anakasirikia kitu kwa haki na anang'ang'ania, na kung'ang'ania kwake, kule ambako nyumbani tunakuita ubishi, ndo kunakosogeza kijiji kizima. Isome wewe kwanza lakini, mapema tu kuna mwalimu anamdhalilisha mbele ya darasa, na kama wako ameshapitia hilo ni vizuri uwe karibu siku hiyo.

Na usimuulize "umejiona humu?", ni swali zito na watoto hawa wamechoka kuulizwa. Mpe kitabu pamoja na penseli, mwambie anaweza kuandika chochote pembeni ya ukurasa, na kama hataki pia sawa.

Mimi nilifanya hivyo mwaka jana na wangu, yeye kwa umri wake nilimpa ile ya Christopher. Alikaa nayo wiki tatu. Kurasa nyingi hakuandika kitu. Kwenye wale ng'ombe aliweka alama ya vema, ndogo, nadhifu. Pale kwenye hesabu ameandika "hapana". Na pale kwenye magari mekundu matano ameandika maneno matatu, "mimi ni milango", nikamuuliza milango gani, akanieleza kwamba toka nyumbani mpaka shule kuna milango 14, na siku ambayo mitatu ya kwanza imefunguliwa anajua ataweza kuongea. Tumekaa nyumba moja miaka 9 na mimi habari za milango nilikuwa sizijui.